Nani Kala Ndizi za Mfalme

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua imeanza alfajiri na mkwe mwenzangu ameingia adhuhuri. Yote mawili nilikuwa nimeshaambiwa, na yote mawili nilitumai yatachelewa.

Bi Mashavu ni mama yake Shadya, mke wa mwanangu Nadir. Kwao Matemwe, kazi yake kulima mwani. Kusimama majini miaka yote hiyo kumemla goti, na sasa daktari wa mjini anataka kumwona kila wiki mpaka masika yaishe. Kwa hiyo atakaa hapa kwetu Kajificheni. Na kwa kuwa nyumba hii ni ya ngazi na yeye ngazi haziwezi, amepewa chumba cha chini, ambacho ni changu. Mimi nimepandishwa juu, chini ya dari inayovuja. Hakuna aliyeniuliza. Niliambiwa tu, "Mama, wewe miguu yako mizima," utadhani uzima wa miguu ni kosa ninalolipishwa.

Naandika humu kwa sababu nikisema kwa mdomo naambiwa, "Mama, presha."

Alhamisi, 9 Aprili

Mvua. Ndoo chumbani kwangu zimeongezeka. Bi Mashavu analala vizuri, kama kuna anayeuliza.

Jumamosi, 11 Aprili

Leo nimeona kwa macho yangu na bado siamini.

Nimerudi kutoka sokoni Darajani nimelowa chapachapa, nikamkuta Bi Mashavu sebuleni, mguu juu ya mto, wajukuu zangu wamekaa chini mbele yake. Tahiya, ambaye mwakani anatimiza kumi na mbili na ana mitihani ya kusoma, na mdogo wake Himid.

"Paukwa!" anasema mwanamke huyo.

"Pakawa!" wanaitikia, tena kwa sauti kubwa kuliko wanavyoniitikia mimi.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Saa tano!

Bibi yangu alinilea, naye alilelewa na bibi yake, na wote walisema hivyo hivyo: anayesimulia hadithi mchana huota pembe. Hadithi ni za baada ya Isha, sahani zimeoshwa, mtoto ameshasoma. Siitetei hiyo pembe. Nimefanya kazi ya ukarani bandarini mpaka nikastaafu, sitishwi na pembe. Naitetea adabu. Mchana una kazi zake, na mtoto anayezoea kusimuliwa mchana atazoea kuacha kila kitu njiani.

"Bi Mashavu," nikamwambia kwa upole, wallahi kwa upole, "mchana wote huu?"

"Mchana gani, mwenzangu? Jua liko wapi? Sisi kwetu tunafunga mwani kwenye kamba kutwa nzima, tumekaa wanawake watupu. Tusiposimuliana si tutasinzia?"

"Na pembe?"

"Himid, baba, njoo unipapase."

Himid akaingiza mikono yake chini ya ushungi wa bibi yake, akapapasa kichwa kizima, uso ameukaza utadhani daktari.

"Hamna, Bibi."

Wakacheka wote. Na Tahiya alicheka, Tahiya niliyemsimulia tangu hajui kusimama.

Jumanne, 14 Aprili

Kumbe hadithi aliyokuwa akiwasimulia ni yangu! Leo nimeisikia yote, nimesimama ngazini na nguo za kuanika mkononi. Ni yangu, ila ameiharibu.

Naiandika inavyotakiwa. Mfalme Simba alikuwa na shamba la ndizi, akawaweka Kima na Komba walilinde. Asubuhi moja mkungu mmoja haupo. Mfalme akawakusanya wanyama wote, akauliza, "Nani kala ndizi zangu? Atakayesema kweli, sitomfanya kitu." Wanyama kimya. Komba akatetemeka, akatetemeka, mwisho akajitokeza, akasema, "Ni mimi, Mfalme." Mfalme akamtazama, akasema, "Nilikuahidi. Nenda zako, na shamba ulilinde wewe tangu leo." Na Komba hakuiba tena. Basi. Nimewalea wanangu kwa hadithi hiyo, na nusu ya watoto wa mtaa huu waliokuwa wakija jioni kukaa kwenye ngazi zangu. Ndani yake mna kila kitu: mtu aseme kweli, na aliyeahidi atimize.

Ya Bi Mashavu je? Kwake Komba ana watoto wenye njaa. Kima anamwona akiiba na anageuza uso. Mfalme anapouliza nani kala ndizi, Kima anasema, "Sikuona." Paa anasema, "Sikuona." Kanga anasema, "Sikuona." Kila mnyama na "Sikuona" yake, na watoto wanaitikia pamoja naye kwa raha zote, mpaka Mfalme anachoka anakwenda kulala. Hadithi ndiyo imekwisha hapo!

Nikamfuata jikoni. Alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi.

"Unawafundisha wajukuu zangu uongo."

"Wajukuu zetu," akasema, wala hakuinua kichwa. "Nawafundisha wasimchongee mwenzao."

"Wasimchongee kwa mfalme mwadilifu?"

"Yako ndiyo yenye mfalme mwadilifu, Bi Mayasa. Yangu ina mfalme tu."

Nikamwambia nazi yake anaikuna vipande vikubwa.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimemshtakia Nadir. Amesema, "Mama, hadithi si hadithi tu?" Huyo ni mtu niliyemlea mimi. Mvua haikukatika kutwa.

Jumatatu, 20 Aprili

Yametokea niliyoyasema.

Tahiya akitoka skuli huenda tuisheni kwa Mwalimu Mahfoudh, uchochoro wa pili kutoka kwetu. Mahfoudh namjua tangu anatembea bila viatu. Alikuwa mmoja wa wale watoto wa kwenye ngazi zangu, tena yeye hakukubali niruke hata neno moja la hadithi. Sasa ni mtu mkubwa. Wazazi wanapanga foleni awachukulie watoto wao, kwa sababu wanafunzi wake hufaulu, na kwa sababu ukutani ana televisheni pana anayofundishia, hakuna mwingine mwenye nayo mtaani.

Leo televisheni hiyo imekufa. Kuna mtoto aliyeingia amelowa, akautundika mtandio wake juu yake ukauke. Maji yakashuka ndani, ikatoa cheche, ikazimika. Mwalimu alipotoka msikitini akaukuta moshi, mtandio hakuukuta.

Akauliza ni nani. Mtoto wa kwanza akasema, "Sikuona." Wa pili akasema, "Sikuona." Darasa zima, mmoja baada ya mwingine, mpaka mjukuu wangu.

Tahiya alituhadithia haya huku anauvuruga wali sahanini bila ya kuula. Nikamtazama Bi Mashavu. Alikuwa anamenya mhogo, uso mkavu, wala hana hata haya. Nilipata moto mpaka masikioni.

Jumatano, 22 Aprili

Leo Mahfoudh anazunguka kwa wazazi nyumba hadi nyumba. Kwetu amefika baada ya Alasiri.

"Shikamoo, Bi Mayasa."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mtihani."

Alikaa kwa adabu, akanywa chai. Akasema, "Mie sitaki kulipwa na mtu. Nnataka kweli tu. Watoto hawa wakizoea kuficha, tutalea nini? Atakayejitokeza mwenyewe, wallahi sitomfanya kitu."

Machozi yalinilenga. Ni maneno ya hadithi yangu, yanatoka kinywani mwa mtoto niliyemsimulia mwenyewe! Baada ya miaka yote hiyo bado yamo. Nilimgeukia Bi Mashavu makusudi anione ninavyofurahi. Alikuwa anajipaka dawa ya goti.

Baada ya Isha nikampandisha Tahiya juu, tukakaa kitandani katikati ya ndoo. Sikumgombeza. Nilimshika mkono tu, akasema mwenyewe. Ni Ummukulthum, rafiki yake, mtoto wa Zeyana anayekaanga bajia hapo kwenye kona. Mtandio wa skuli anao huo mmoja. Aliogopa kurudi nao mbichi, na nyuma ya televisheni kuna joto.

"Hakujua, Bibi. Alikuwa anataka ukauke tu."

"Basi aseme hivyo hivyo."

"Anaogopa."

"Mwalimu ameapa mbele yangu, umemsikia. Mkumbushe Komba. Komba alisema kweli akafanywa nini?"

"Akasamehewa."

"Basi."

"Kweli, Bibi? Hatomfanya kitu?"

"Mimi nimewahi kukwambia uongo?"

Akasema hapana. Nakwenda kulala na dari inanidondokea, na najua nitalala vizuri kuliko siku zote tangu mvua ianze.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua imepungua kidogo. Tahiya amempitia Ummukulthum, wamekwenda pamoja.

Ijumaa, 24 Aprili

Sikutaka kuandika leo. Nitaandika hivyo hivyo.

Jana Tahiya alirudi, akalala bila ya kula, akasema kichwa kinamuuma. Leo asubuhi Shadya ananiletea simu yake. "Mama, hebu tazama," sauti yake ya chini kabisa.

Ni video. Imetumwa na Mwalimu Mahfoudh kwenye grupu la wazazi. Ummukulthum amesimamishwa chini ya ile televisheni iliyokufa, ameambiwa aushike mtandio wake kwa mikono miwili aunyanyue juu. Sauti ya Mahfoudh inasema, "Rudia. Sema kwa nguvu wazazi wasikie." Na mtoto anasema, "Ni mimi, Mwalimu." Mara ya pili, "Ni mimi, Mwalimu." Halafu Mahfoudh, kwa ile sauti ya taratibu aliyonywea chai yangu: "Wazazi, mharibifu wenu ndiye huyu. Kuanzia leo kwangu hayumo. Iwe funzo kwa wengine."

Chini yake wazazi wameandika. Mmoja kaweka vikatuni vya kucheka. Mwingine kamshukuru Mwalimu kwa malezi. Malezi!

"Aliahidi," nikamwambia Shadya. "Aliapa. Hapa hapa, kikombe changu mkononi!"

"Mama, punguza sauti."

"Sipunguzi!"

"Tahiya ana mtihani, mama. Tukigombana naye atamtoa na yeye, na tuisheni nyingine ya maana iko wapi? Kila mzazi ananyamaza. Kwa nini sisi tu?"

Nilitaka kumpigia kelele, halafu nikamwona alivyo. Mke wa mwanangu si mtu mbaya. Ana hofu, na hofu hiyo hiyo iko kwenye kila nyumba ya mtaa huu, na Mahfoudh anaijua. Anaikalia starehe kabisa.

Tahiya alikuwa mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini. Hakulia. Aliniambia, "Mie nlimsukuma aingie. Nlimwambia Bibi kasema. Aliponitazama nikakaa kwenye kiti changu nikanyamaza." Kisha akasema, "Bibi, hadithi yako ya uongo."

Akateremka ngazi, akaingia chumbani kwa Bi Mashavu, akafunga mlango.

Nimeambiwa mengi maishani, na wakubwa wa bandari, na mume, Mungu amrehemu. Hakuna lililonichoma hivi.

Jumapili, 26 Aprili

Karai la Zeyana halijatolewa nje tangu Ijumaa. Kona haina harufu ya bajia, watu wanapita wanauliza kulikoni, na wote wanajua kulikoni.

Nimekwenda kugonga. Akafungua mlango nusu.

"Mwanangu hatoki hata dukani, Bi Mayasa. Watoto wanamwita Televisheni." Akafuta mikono kwenye kanga, na mikono haikuwa na kitu. "Nnachotaka kujua ni nani aliyemshauri. Mtoto alikuwa kanyamaza, ana amani yake. Nani kamwambia akaseme?"

"Mimi," nikasema.

Alinitazama. Nilisubiri anitukane, na nilikuwa nimeshajiandaa. Akasema, "Haya," akaurudisha mlango taratibu. Heri angeubamiza.

Jumatano, 29 Aprili

Mvua kutwa. Tahiya ananiamkia shikamoo kwa sababu kalelewa, halafu anapita.

Jumamosi, 2 Mei

Nimekwenda kwa Mahfoudh peke yangu. Darasa lilikuwa limekwisha. Kwenye kona kulikuwa na boksi la televisheni mpya, halijafunguliwa bado. Kwa hiyo hata hasara yenyewe ameshaifidia, kilichobaki ni mtoto.

"Uliapa, Mahfoudh."

"Nliapa sitomfanya kitu, na sikumfanya, Bi Mayasa. Sikumpiga. Hata kidole sikumgusa, waulize."

"Na video?"

Akacheka kidogo, kile kicheko cha kuwachekea wazee. "Ile ni funzo. Mtoto bila ya woga hasomi. Nyinyi wakati wenu ulikuwa mwingine."

"Wakati wangu wewe ulikuwa unakaa ngazini kwangu. Hadithi ya ndizi za Mfalme unaikumbuka?"

"Aaa, Bi Mayasa! Mambo ya kitoto yale." Na akaanza kutazama simu yake, mimi nimesimama mbele yake.

Sijui nilirudi vipi. Bi Mashavu alikuwa ukumbini. Nilijua atanicheka, na haki ya kunicheka anayo. Hakucheka. Alinimiminia chai ya mkandaa isiyo na maziwa, akaniwekea sukari nyingi bila ya kuniuliza.

"Kumbe mfalme wako ndiye wangu," akasema.

"Sema tu. Sema nilikwambia."

"Nlikuwa nnalisubiri hilo, wallahi. Sasa limefika na halina raha." Akanyoosha mguu. "Na yangu haikumsaidia mtoto vilevile. Walisema hawakuona, wote, na yule kila akiingia darasani anatetemeka. Mjukuu wetu ndo kanieleza. Kuficha nako kulikuwa kunamla."

Tukanywa chai. Kwa mara ya kwanza tangu aje, nilitamani mtu huyu aendelee kusema.

"Nimtie adabu vipi, Bi Mashavu? Mzazi hata mmoja hathubutu."

"Msimulie."

"Kasema mambo ya kitoto."

"Hukumsimulia, ulimuuliza. Kamsimulie. Na usende baada ya Isha, saa hiyo kila mtu kajifungia na simu yake. Nenda wazazi wakija kuchukua watoto."

"Mchana?"

"Mchana mweupe."

Nikafikiria bibi yangu, na bibi yake. Nikafikiria mikono ya yule mtoto imenyanyua mtandio.

Jumanne, 5 Mei

Imefanyika, na naiandika yote kabla sijaanza kujisifu.

Tumetoka kabla ya Alasiri. Uchochoro umejaa maji, goti la Bi Mashavu halikunji, na mimi nilimshika mkono huku, ukuta ukamshika kule. Kila mtu tuliyempita alitaka kujua tunakwenda wapi. "Kusimulia," Bi Mashavu anamjibu kila mmoja. Nilimpitia Zeyana kumwomba mtoto. Alikataa, na sikumlaumu.

Tukakaa kwenye baraza la jirani, ubavuni mwa mlango wa Mahfoudh. Mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kali, utadhani lilikuwa likinisubiri mimi nivunje mwiko ndio lionekane. Wazazi wakaanza kufika. Nikakohoa.

"Paukwa!"

Akaitika Bi Mashavu peke yake. Baba mmoja akacheka. Kuna aliyetoa simu.

"Paukwa!"

Safari hii ameitika mama mmoja mtu mzima, kapu mkononi. Nilimlea kwenye ngazi zangu, na nadhani neno lilimtoka kabla hajafikiri. Mara ya tatu wakaitika wengi, wengine kwa aibu, wengine wanacheka. Dirishani kwa Mahfoudh vikatokea vichwa vya watoto. Shadya akatokea kwenye pembe ya uchochoro kumfuata Tahiya, akaniona, akajifunika uso kwa ushungi.

Nikaanza. Sauti ya bandarini bado ninayo. Nikamtaja Mfalme na shamba lake, Kima na Komba. Ila safari hii nikasema Komba alikuwa amelowa mvua, na nguo anayo hiyo moja. Vicheko vikapungua. Nikasema Mfalme alikwenda nyumba hadi nyumba, akanywa chai za watu, akaapa, "Atakayesema kweli, wallahi sitomfanya kitu." Aliyetoa simu akairudisha mfukoni.

"Komba akatetemeka, akatetemeka. Mwisho akajitokeza. Akasema, 'Ni mimi, Mfalme.'"

Nikanyamaza hapo.

Mahfoudh alikuwa ameshatoka mlangoni. "Bi Mayasa, nini hii? Mie nina darasa ndani."

"Tunasimulia, mwanangu. Nimefika pahali nimesahau. Mfalme akasemaje?"

Akatoa simu mfukoni.

"Weye ndo uliyekuwa ukinikosoa nikiruka neno. Mfalme akasemaje, Mahfoudh?"

Maji yanadondoka kutoka kwenye mabati. Watoto dirishani hawakumwangalia mtu mwingine ila yeye. Kisha nyuma yetu sauti ya mwanamke ikasema, "Tumalizie, Mwalimu." Alikuwa Zeyana, mikono imejaa unga wa dengu, na pembeni yake Ummukulthum, kajitanda ule mtandio. Sijui nini kilimbadilisha. Labda alitusikia akashindwa kukaa ndani.

Mahfoudh akamwona mtoto. Naona ndipo alipomwona, maana siku ile alimtazama kwenye simu tu.

"Mfalme akasema," akaanza, kwa sauti ya chini. "Akasema, 'Nilikuahidi.'"

"Huku hatukusikia, baba," Bi Mashavu akapaza sauti. "Na mie mgeni, hadithi hii kwetu hatuijui."

"Akasema, 'Nilikuahidi! Nenda zako..."

"Endelea," nikamwambia. "Usiniishie hapo kwenye nenda zako."

"...na shamba ulilinde wewe tangu leo.'"

Sisemi amegeuka mtu mwema. Alikuwa mtu aliyebanwa mlangoni kwake mbele ya watu, na alinichukia, nilimwona. Lakini alimwambia Zeyana kesho mtoto aje. Nikasema, "Na video?" Akaifuta pale pale. Nami nilikuwa nimeridhika, nimeshaanza kutafuta viatu vyangu, Shadya akapita katikati ya watu. Shadya wetu, wa kupunguza sauti.

"Kuifuta peke yake haitoshi, Mwalimu," akasema, simu yake mkononi. "Watu washaiona. Andika."

Mahfoudh akaandika. Simu za uchochoro mzima zikalia kwa pamoja: mtoto amesema kweli mwenyewe, na mimi niliahidi nikavunja, namwomba radhi yeye na mama yake.

Nilimtafuta Tahiya. Alikuwa dirishani bado, ananitazama mimi. Hakutabasamu, na sikumdai.

Jumatano, 6 Mei

Ummukulthum amekwenda. Kwenye grupu wengine wanatuita vikongwe wawili wasio na kazi. Wengine wametuombea dua.

Himid kaja kitandani asubuhi kunipapasa kichwa. Kapapasa muda mrefu kuliko alivyompapasa mwenzangu, mpaka nyuma ya masikio. "Hamna, Bibi," akasema, na alikuwa kama aliyetarajia zaidi.

Jumapili, 17 Mei

Manyunyu tu. Daktari amesema goti sasa linatosha, na Bi Mashavu amerudi Matemwe na kapu la mikate ya mofa niliyompa. Nimerudishiwa chumba changu cha chini. Nimekaa humo nimekasirika kutwa nzima na sijui nimemkasirikia nani. Chumba kinanuka dawa ya goti na sitaki mtu akifungue madirisha.

Jumapili, 24 Mei

Jua. Zeyana ametoa karai, kona imejaa watu.

Adhuhuri nilisikia "Paukwa!" uani. Nikachungulia. Tahiya amekaa kwenye kigoda, mbele yake Himid na Ummukulthum, na bajia kwenye karatasi katikati yao. Anasimulia ndizi za Mfalme, jua liko utosini. Nikajiandaa kumkemea, halafu nikasikia anavyosimulia, nikajiandaa kumkemea zaidi, maana hadithi haiendi hivyo. Haiendi hivyo kwangu, wala kwa Bi Mashavu.

"Komba akasema, 'Nnaogopa.' Kima akamwambia, 'Usende peke yako.' Akamshika mkono, wakenda wawili. Mfalme akauliza, 'Nani kala ndizi zangu?'"

"Sikuona!" Himid akadakia.

"Hapana. Komba akasema, 'Ni mimi.' Na Kima akasema, 'Na mimi niko naye. Ukimfukuza huyu na mimi nnatoka.'"

"Mfalme akasemaje?"

Tahiya akamtazama Ummukulthum. Ummukulthum alikuwa anakula bajia, kichwa chini.

"Hajasema," Tahiya akajibu. "Bado wamesimama hapo wanamngoja. Wote wawili."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga, nikachukua kigoda changu, nikatoka uani. Tahiya aliponiona akasogea, akanipa nafasi kivulini.

"Haya, endelea," nikamwambia, nikakaa.